Kibonyeo

Miaka kumi na moja Landrova ya baba ililala nyuma ya jiko, Uyole,
matairi yamezama ardhini, imegoma kama punda.
Kuku mwekundu aliteka kiti cha dereva.
Alitaga pale pale alipokaa baba
nasi tukala mayai yale bila kusema kitu.

Mwaka huu mama akasema: iuzwe.
Alikuwa akimenya viazi. Akaendelea kumenya.

Fundi Kihwelo alikuja na spana zake kwenye mfuko wa mbolea.
Akaizunguka mara mbili, akagonga bodi kwa kifundo cha kidole,
akalala chali kwenye umande, akazama.
Sauti yake ikatoka chini kama ya mtu aliye kisimani:
"Bodi hii kutu haiiwezi, itatuzika sote.
Lakini chesisi, mwanangu. Chesisi ni biskuti."

Nikawa mshika tochi.
Juni, baridi inayong'ata masikio,
spana zikinata vidoleni,
nikajifunza majina: difu, bushi, propela.
Kabureta tuliifungulia juu ya ungo wa mama,
ndani yake nyigu alikuwa amejenga
vyumba vitatu vya udongo, visafi kuliko vyetu.

Chuma tulikitoa Mwanjelwa, mgongoni mwa lori lililokufa.
Kihwelo akachomelea siku nne,
watoto wa jirani wakapanda ukutani kutazama cheche
mpaka walipoitwa kulala.

Nami na msasa wangu:
chini ya bluu ya baba, kijivu cha mtu tusiyemjua,
chini ya kijivu, kijani,
na herufi nne zilizobaki za shirika la pareto: RETO.
Nikazisugua nazo. Nilijuta kidogo.

Kisha mlango wa kushoto.
Ulikuwa na kibonyeo kipana kama karai.
Mwaka wa mvua nyingi, mteremko wa Kikondo,
magunia thelathini ya viazi, breki zikakataa.
Kulia bonde, kushoto mlima.
Baba akaulaza ubavu wa gari kwenye mlima,
upande aliokaa mama,
na mimi tumboni mwake, mwezi wa saba.
Gari likasimama. Viazi vikaendelea na safari hadi mtoni.

Kihwelo alikinyoosha nusu siku,
nyundo ya mpira nje, mfuko wa mchanga ndani, akiguna.
Puti, msasa, rangi ya kijani.
Mama alipitisha kiganja mlangoni, taratibu,
akarudi jikoni.

Iliwaka Agosti, Jumanne, kwa handeli, jaribio la sita.
Ikakohoa moshi mweusi, ikafikiri,
halafu ikashika: tuku tuku tuku.
Kuku akatoka dirishani akilaani ukoo wetu wote.

Bwana Kessy alitoka Arusha na ile picha niliyomtumia Mei.
Akatazama simu, akatazama mlango.
"Hapa palikuwa na kibonyeo."
"Tumekinyoosha."
Akasonya. "Mngekiacha. Wageni wangu wanapenda gari lililoishi."
Akakata laki nne.
Kihwelo akajiinamia, mabega yanatikisika kwa kicheko:
"Angesema tu. Ningempigia kingine, bure."

Nikahesabu noti juu ya boneti.
Ada ya Lusekelo, bati za jiko, deni la fundi,
na kiasi ambacho hakikuwa na jina.

Mama akauliza: "Utaipandisha milima?"
"Hapana, mama. Itakaa bustanini, mbele ya hoteli, kwenye maua."
Mama akafikiri.
"Mlango wa kushoto uuvute juu kwanza ndipo ufunge."
Kihwelo akasema ameshaurekebisha.
"Hata hivyo," mama akasema.

Ikatoka uani, ikakata kona kwa gia ya pili.
Tulisimama mpaka mlio ukachanganyika na malori.
Kihwelo bado ameelekeza sikio barabarani:
"Huyu," akasema, "anakalia klachi."