Mita Sitini

Julai, Mufindi. Ukungu bado haujaamua.
Mama ameshika mwanzo wa tepu,
sifuri iko chini ya gumba lake lenye ufa,
miguu imezama kwenye kijito
ambacho ramani ya chuo imekichora bila jina.

Mimi narudi kinyumenyume, napandisha bonde:
tatu, saba, kumi na moja,
kumi na moja na nusu.
Kisigino kimegonga tuta lake la kwanza.

Sheria inasema sitini.
Naijua. Nimeinukuu ukurasa wa nne,
wa kumi na tisa, wa themanini na mbili,
na msimamizi wangu akaandika pembeni, kwa wino wa kijani:
"Vizuri. Ila hawa watu ni akina nani?"

Hawa watu.

Kinyungu hiki kina matuta ishirini na matatu.
Kiangazi, mlima ukishapauka mpaka panya wanahama,
huku chini pana unyevu, pana maboga, pana njegere.
Njegere zilinunua sketi ya kidato cha kwanza.
Mahindi mabichi ya Oktoba, yaliyochemshwa usiku
na kunyanyuliwa hadi madirishani mwa mabasi pale Mafinga,
yakanifikisha darasani nikafundishwa, kwa picha za rangi,
kwamba vinyungu vinakausha mito.

Nami sitaki kumtetea mama kwa uongo.
Miezi kumi na minne nimesoma kipimio kile
kilichosimikwa kwenye zege chini ya daraja la magogo.
Septemba maji yalishuka chini ya tarakimu ya mwisho;
nikachora mstari mlalo, kwa sababu fomu
haina kisanduku cha neno "hakuna".
Wiki hiyohiyo Ambilikile, tuliyesoma naye,
akanitumia picha kutoka Mtera:
visiki vilivyozama kabla hatujazaliwa
vimesimama tena, ndege wametua juu yake.
Kila kijito kilichochelewa kina deni kule.

"Na ile umeipima?"
Mama haonyeshi kwa kidole; anaonyesha kwa mdomo,
ng'ambo, kwenye milingoti ya mtu wa Dar es Salaam
ambaye hatujawahi kumwambia kamwene.
Mistari imenyooka kama gwaride, hadi jichoni mwa chemchemi.
Tukavuka. Akashika sifuri tena.
Mita nane.

Kwenye tasnifu yangu milingoti ile inaitwa "uoto".

Hapo zamani, anasema, palikuwa na mivengi.
Mvengi hunywa na kubakiza.
Mlingoti hunywa na kuinua kichwa.
Anasema bila hasira, akikamua pindo la khanga,
kisha ananiambia atayaacha matuta manne ya chini
akipewa miche, na akiona mtu yule naye anang'oa.
"Nikianza mimi peke yangu, mto utapona?"
Nimefungua kinywa. Nina vielelezo sita juu ya hilo.
Nimekifunga.

Jioni najaza jedwali jikoni, moshi machoni.
Kaya namba 17: umbali, 11.5.
Anachungulia begani. "Kumi na saba ni nani?"
Ni wewe, mama. Ni utaratibu, kulinda faragha yako.
"Basi nilindie shamba. Jina liandike, nimelizoea."

Nimekaa sana na kalamu.
Leokadia Chengula, nimeandika, kisha nikaongeza safu
ambayo haikuwemo kwenye pendekezo la utafiti:
milingoti, mmiliki, mita nane.
Sijui kama watanipitisha.

Tepu tuliirudisha kwenye kasha ikiwa imelowa.
Kutu itaanzia kwenye sifuri.