Taa ya Kukodi

Hesabu nimeipiga nyuma ya kadi ya mwaliko:
viti mia na hamsini vya mama Kwilasa,
anayekodisha pia masufuria ya misiba;
jenereta ya kanisa, mafuta juu yetu;
projekta ya chuo, kwa barua yenye mihuri mitatu
na kiapo cha kuirudisha na waya zake zote.
Skrini ni mashuka mawili tuliyoyaunga wenyewe.
Mshono unapita katikati ya kila uso.

Wafadhili walisema tuko pamoja.
Sisi tupo.

Nyamisi katoka Ukara kwa kivuko, kwa basi, kwa meli,
diski kaifukia kwenye kopo la unga wa muhogo:
maji yakiingia, alisema, uanze kulowa unga.
Dakika ishirini na sita. Miaka minne.
Shangazi yake anaanika dagaa juu ya mwamba,
anawatukana kunguru mmoja mmoja,
ananyamaza.
Sehemu kubwa ya filamu ni kule kunyamaza.

Mimi nilikuwa na banda la video, Mabatini,
shilingi mia kwa kichwa, watoto chini ya benchi.
Najua mtu anavyosahau kumeza mate
mlango wa kwenye skrini ukifunguka polepole.
Lakini milango ile yote ilikuwa ya nyumba za mbali.
Hakuna hata mmoja uliogonga jiwe ukifunguka,
kama yetu ya huku mlimani.

Saa mbili usiku, kiwanja cha shule, Igogo.
Watu wamekaa mpaka juu ya mawe.
Shangazi akatokea, mrefu kupita darasa la tano,
akafungua kinywa,
na wadudu wa ziwani wakaja.

Moshi wenye mbawa,
uliinuka majini ukaufuata mwanga wetu
kama deni linavyomfuata mtu hadi harusini.
Wakaijaza lenzi. Wakamla shangazi jicho, shavu,
wakambakizia sauti.
Watoto wakashangilia, wakidhani ndiyo filamu yenyewe.
Nyamisi alikuwa amekaa juu ya kopo lake.

Nikasema zimeni. Nikasema subirini. Nikasema samahani
kwenye kipaza sauti ambacho hakikuwashwa.

Ndipo Luhende, anayewakodishia taa wavuvi wa dagaa,
akapenya kati ya viti na mbili begani.
“Mdudu hafukuzwi, dada.
Anapewa taa kubwa zaidi.”
Akaziweka kwenye jiwe la nyuma, hatua kama sitini,
akawasha.

Wakaondoka bila haraka,
kama watu watokao ibadani mvua ikishakatika.
Tukarudisha nyuma dakika saba.
Shangazi akatazama kunguru, akatutazama sisi,
akanyamaza upya.

Ilipoisha, makofi yalichelewa.
Mama mmoja wa mstari wa mbele,
magamba bado yamemganda mikononi, akauliza:
Huyo mwanamke alilipwa?
Nyamisi akasema, nusu.
Basi na nusu ya pili iandikwe, akasema mama, akakaa.

Nimeiandika. Juu ya viti, juu ya mafuta,
juu ya taa mbili za Luhende
alizonitoza bei ya usiku mzima ziwani:
shangazi, nusu.
Nyamisi, nauli na ujira.
Kijana wa Sengerema aliyekosa zamu yake
kwa sababu ya zile dakika saba, ujira vilevile.
Kadi imejaa. Nimeigeuza upande wa mbele,
penye jina la mgeni rasmi ambaye hakufika.
Pana nafasi nzuri pale.

Asubuhi nafagia wadudu chini ya jiwe,
rundo jepesi kama pumba,
na kuku wa mwalimu wameshanitangulia.
Unga tuliusonga ugali usiku uleule.
Nyamisi yuko bandarini na kopo tupu,
diski kaniachia.
Mwakani, anasema, ataleta nyingine,
nianze mapema kutafuta shuka
lisilo na mshono.