Panga

Bango lilisema panga: mtu, theluji, damu.
Ijumaa usiku vijana wa Kibokoni walijaa hadi ngazini
na Saggaf akazima taa.

Hapakuwa na upanga.
Palikuwa na mwanamke anapiga maji pasi.
Maji yakanyooka, akayakunja, akayatia kabatini,
kabati likakohoa.
Kisha samaki akapanda ghorofa amevaa mitalawanda ya marehemu,
ko, ko, ko,
akabisha hodi, akafunguliwa,
akaandaliwa chai.

Robo saa walistahimili.
Halafu maganda ya njugu yakarushwa kwenye kitambaa,
na miluzi, na "Turudishie!"
Abudi wa Kuze, aliyezoea kututafsiria filamu za Kihindi
neno kwa neno, Kihindi hakijui,
alisimama juu ya kiti, akafungua kinywa,
akakifunga.
Sijapata kumwona tena akikosa uongo.

Pesa zilirudi. Mkanda haukurudi:
meli ilikwishang'oa nanga Kilindini,
na Jumapili ni onyesho la kina mama,
na Saggaf hana kingine.

Nilikuwa na miaka minane, nimeingizwa chini ya buibui,
nachungulia penye mshono uliofumuka.
Bi Rahma akasema hilo jini, hata Japani yako.
Mwengine: jini gani, tangazo la pasi hilo!
Wakacheka, wakapigana makofi ya mgongo.

Bi Mishi, ambaye tangu atoke eda
hakuwa akisema na mtu,
akasema kama anayeagiza sukari dukani:
"Ya Shee iko nyuma ya mlango.
Kila asubuhi naikuta imegeuka."

Kitambaani samaki alikuwa anapuliza chai ipoe.
Tuliisikia ile pumzi. Au ilikuwa ya feni.
Hakutoka mtu.

Taa zilipowaka wakamgongea Saggaf: rudia.
Akarudia. Magharibi ikaadhiniwa,
na vyungu vya watu havijainjikwa.

Nje, wale vijana wa Ijumaa, mikono mifukoni:
"Mumeona nini humo muda wote huo?"
"Panga," mama akawajibu, akanivuta.

Baba yu hai. Usiku ule alikuwa zamu, bandarini.
Mama alichukua mitalawanda yake chooni,
akaiosha, akaifuta kwa upindo wa leso,
akaipanga mlangoni,
vidole vikitazama ndani.