Bukuru na Butoyi

Kadi mbili za michoro zilifika kwa treni,
zimeviringishwa ndani ya blanketi la mtumba,
zinanuka sabuni na vumbi la Uvinza.
Aliyeniuzia alikuwa na ukumbi wa gemu Kariakoo;
deni la pango likamfungia mlango.
Nikazichomeka sambamba, nikazipa majina
tunayowapa mapacha huku kwetu:
Bukuru, aliyetangulia. Butoyi, aliyefuata.

Kabla yao nilikuwa na prosesa moja, msomi,
akili nyingi, mikono miwili.
Nikimwambia, "Nichoree ziwa,"
anaanza na nukta ya juu kushoto
kama karani wa bandari na magunia yake:
moja, muhuri. La pili, anatafuta kalamu.
Nalala. Naamka. Ndiyo kwanza amefika Bangwe.
Wimbi moja, usiku kucha,
na likikamilika limeganda kama ugali wa jana.

Kilichonifunza ni Kibirizi, si kitabu.
Dagaa wameanikwa, ekari nzima ya fedha,
wingu likachungulia kutoka upande wa Kongo.
Hakuna aliyepiga filimbi.
Wanawake arobaini waliinama mara moja,
kila mmoja na eneo lake, fagio lake, beseni lake,
wala hakuna aliyemuuliza jirani amefika wapi.
Dagaa mmoja si kazi.
Dagaa milioni nao si kazi, mikono ikitosha.
Tone la kwanza lilikuta mchanga mtupu.

Basi Bukuru na Butoyi ndivyo walivyo:
viini maelfu, kila kimoja kijinga kidogo,
hakijui kodi wala barua ya maombi;
kimepewa kipembetatu chake cha maji
na swali moja tu: jua liko wapi, nawe una rangi gani?
Vinajibu kwa pamoja.
Mara sitini kwa sekunde
ziwa linazaliwa, linafutwa, linazaliwa,
na jicho halioni mshono.

Jumanne nilimleta mama ofisini,
ghorofani, juu ya duka la saruji pale Mwanga.
Nikamzungushia ziwa kwa kipanya.
Nikamshusha kilindini, mita elfu na mia nne,
giza ambalo hakuna wavu uliowahi kuligusa,
nikampandisha hadi akaiona Kibirizi kwa juu.
"Mwewe ndivyo anavyotuona?"
"Ndivyo."

Kisha nikaongeza maji.
Nusu mita. Mita.
Yaliingia bila kusubiri, yakimeta,
yakivunjika kingoni jinsi nilivyohangaika miezi minne yavunjike.
Mimi nilikuwa najivunia mng'ao.
Yeye alikuwa anahesabu chanja.
"Ya Mama Gwimo. Ya Dativa. Hii yangu."
Akaweka kidole juu ya skrini
na maji yakapita chini ya kidole.

"Rudisha."
Nikarudisha. Ziwa lilitii papo hapo.
"Kumbe yanarudi?"
Feni zilivuma, mapacha wakihema.
"Humu yanarudi, mama."

Hakunitazama.
"Yalete tena. Polepole.
Nione yanaanzia kwa nani."
Akaomba kalamu, akageuza risiti ya saruji,
akawa anaandika majina kwa mpangilio wa maji.

Umeme ulikatika kwenye jina la saba.
Bukuru akanyamaza, Butoyi akanyamaza,
ziwa likawa kioo cheusi chenye nyuso zetu mbili.
Nikataka kusema ngoja, nitawasha jenereta.
Kalamu ilikuwa bado inakwaruza karatasi:
la nane, la tisa.
Mteremko wa pale
anaujua kwa nyayo.