Maji ya Suuza ya Tatu

Wiki ya kwanza Cibalonza alihesabu ngazi:
sitini na tatu kutoka uzazi hadi maabara,
na ya arobaini imemeguka, mguu uijue wenyewe gizani,
maana umeme wa Bukavu hauagi ukiondoka.

Wiki ya pili akajua mlango wa chumba cha nne
hausukumwi, unainuliwa kidogo, kama mzee aliyesinzia.
Akajua kipimo cha presha kinachosema kweli
na kile kinachosema kweli ukikipiga kofi.
Nilimwona. Mimi nafua shuka hapa mwaka wa kumi na moja;
wauguzi nawajua kwa madoa yao.

Mwezi wa tatu alinijia na ndoo.
"Baba Bisimwa, maji ya suuza ya tatu unayapeleka wapi?"
Mtaroni, nikamwambia, yanateremka Kadutu kama sisi sote.
"Usiyamwage."

Kuna wamama kwetu wamepona zamani.
Kidonda kimefunga, mtoto ananyonya, anacheka,
ila karatasi ya deni haijafunga mdomo.
Hawaruhusiwi kuvuka geti. Chakula ni cha jamaa,
na jamaa wako Walungu,
na Walungu ni mbali kwa mtu asiye na nauli.

Mkataba wa Cibalonza umeandika sindano,
umeandika shuka, joto, ripoti ya saa kumi na mbili.
Haukuandika lengalenga.
Alilima nyuma ya chumba changu, penye kifusi cha matofali,
kwa jembe la kuazima, baada ya zamu, na viatu vile vile vyeupe.
Chupa za serumu zilizokwisha akazitundika kwenye fito,
mrija mpaka shinani, kigurudumu akakilegeza kwa kidole gumba:
tone,
tone.
Udongo ukapokea kama mgonjwa mtiifu.

Mkurugenzi alishuka kuuliza ni nani aliyetoa ruhusa.
Alisema mengi, kwa Kifaransa.
Aliondoka na fungu moja ndani ya koti,
majani yakichungulia mfukoni ngazi zote.

Leo alfajiri kitanda cha kumi na mbili kilitushinda.
Cibalonza alifunika uso, akaandika saa,
akamshika mama wa marehemu mkono
mpaka kikapita kile kilio cha kwanza.
Kisha akashuka. Hakusema nami.
Tuta la mwisho lilikuwa kavu.
Nikampa ndoo.