Kilo za Leo

Daftari langu lina mistari ya bluu na harufu ya moshi.
Jumatatu: mifuko ya njano, kilo kumi na moja.
Myekundu mmoja, kilo tatu na robo.
Maboksi ya sindano mawili, yamejaa robo tatu,
yamefungwa, yameandikwa wodi, tarehe, na jina langu:
Holo.
Mzani hauulizi damu ni ya nani.

Nje ya uzio korongo wanne wamesimama,
koti jeusi, upara, mikono nyuma,
kama waganga wanaosubiri posho.
Tunagombea kitu kimoja, mimi na wao.
Mimi nina kufuli.

Mwaka ule sikuwa nalo.

Ilikuwa masika. Dizeli iliisha Alhamisi.
Ijumaa ombi likalala mezani kwa mhasibu,
Jumamosi mhasibu yuko msibani, Magu.
Tanuri limenuna, maji ya mvua yamefika kwenye wavu.
Nikasukuma boksi nyuma ya stoo, chini ya bati,
nikasema: usiku mmoja tu.

Usiku ule maji yalishuka majabalini kama yamefukuzwa.
Mfereji ukaingia Mirongo,
na Mirongo haijawahi kukataa inachopewa:
ndala, maganda ya ndizi,
boksi la njano la karatasi ngumu.
Ziwa likapokea.

Kesho yake jioni, mwaloni,
pale wanapoanika dagaa juu ya nyavu chakavu,
Masalu wa Ngollo akaokota bomba la sindano.
Akafurahi. Akamrushia maji dada yake,
akamrushia mbuzi, akajirushia mdomoni.
La pili aliloliokota lilikuwa na ncha yake.
Kidole gumba. Tone moja,
dogo kuliko jicho la dagaa.

Ngollo alikuja na mtoto mgongoni, mkubwa vile,
na kipande cha boksi kimefungwa kwenye pindo la kanga.
Akakifungua juu ya kaunta.
Wino ulikuwa umevuja,
lakini H ilisimama, na O, na nusu ya L.

"Huyu ni nani hapa?"

Nilikuwa nimeshika fagio. Nikasema, ni mimi.
Hakufoka. Afadhali angefoka.

Vidonge vya siku ishirini na nane.
Kila zamu ilipoisha niliteremka mwaloni
kumshika Masalu kidevu, maana alivitema.
Nikamfundisha kuhesabu kinyumenyume,
ishirini na nane, ishirini na saba,
mpaka akawa ananisubiri kwenye njia
akipiga kelele: "Tisa! Leo ni tisa!"
Wiki ya sita, kipimo: hakuna.
Mwezi wa tatu: hakuna.
Ngollo akanipimia kopo la dagaa. Nikatoa hela.
Akachukua hela.
Hivyo ndivyo tulivyosameheana, au ndivyo tulivyoishia hapo.
Mpaka leo sijui.

Sasa nina kijana mpya, Nkwabi, buti zinamzidi namba.
Namwambia: usirudishie sindano kofia yake.
Boksi halishindiliwi, si gunia la mkaa.
Mfuko ubebe shingoni mwake, mbali na paja lako.
Jivu nalo lina shimo, na shimo lina mfuniko,
na mfuniko una mtu wa kuulizwa.
Dizeli ikibaki nusu pipa, piga kelele siku hiyohiyo,
piga mpaka wakuite mkorofi.
Mimi wananiita hivyo. Dizeli ipo.

Anauliza mbona naandika jina kubwa hivi,
herufi zimejaa ubavu mzima wa boksi.
Andika, namwambia,
kama mtu anayejua barua yake inaweza kurudi.

Moshi umekwisha kuwa mweusi, sasa mweupe, sasa joto tupu
linalotikisa paa la wodi ya wazazi.
Korongo mmoja amechoka, ameruka kuelekea ziwani.
Nachukua kalamu.
Jumanne: kilo tisa na nusu.
Kilichobaki nje: hakuna.

Naifunga kalamu. Halafu naenda tena nyuma ya stoo,
nainua bati.