Sita Iliyopinduka

Mimi si mchambuzi. Ni fundi cherehani,
Majengo, kibaraza cha tatu ukitokea sokoni,
na ninayoyasema kuhusu mpira nimeyashonea.

Jezi za Mapambazuko ya Kizota zilipita hapa,
kumi na tano ndani ya kiroba cha sukari,
kijani iliyopauka mabegani kwa jua na chumvi ya jasho.
Namba nilizikata kwenye shuka jeupe la hospitali.
Usiniulize lilifikaje.

Basi mkiniambia wachezaji wa siku hizi wanajituma,
nauliza: jezi yake kafua nani?
Lechipya alifua yake mwenyewe, ndoo moja,
maji ya foleni, mwezi wa kumi,
akaianika juu ya mnyaa,
akaingia uwanjani kwapa bado bichi.

Sikatai. Wa leo wana mbio, wana pumzi.
Kipa wa leo anaanzisha mpira taratibu,
kama anayemwandikia dada yake barua.
Sogodi wetu aliubutua tu, uende zake,
upepo wa Dodoma ukaamua.
Mara mbili ulimrudishia. Mara moja ukaingia golini kwake.
Hayo hawayasimulii wanaosema zamani ndiko kulikuwa na mpira.
Zamani kulikuwa na vumbi.
Magoli mengine tuliyashangilia kwa kusikia kelele za upande wa pili.

Lakini kuanguka!
Kijana kaguswa bega, anashika kifundo cha mguu,
anabiringika kama gunia la karanga lililodondoka kwenye lori,
refa akipeta, anainuka, anajiweka nywele sawa.
Na kibanda umiza kizima, pale Chang'ombe, hakimwoni:
kila mtu kainamia mkeka wake kwenye simu.
Jirani yangu Mbogoni, Yanga tangu tumboni,
Jumamosi karuka juu kwa goli la Simba.
Aliweka magoli matatu na kuendelea.
Nikamtazama kama niliyemkuta
anatafuna mchana wa Ramadhani.

Ngoja nikupe ya sita.
Mkesha wa mechi umeme ukakatika, nikashona kwa kibatari,
na namba ya Lechipya, kiungo mkabaji, mtu wa kuvunjavunja tu,
nikaishona miguu juu.
Akaingia Uwanja wa Jamhuri na tisa mgongoni,
na tisa mwenyewe yupo.
Mabeki wa wageni wakagawana, wawili huku, wawili kule,
katikati pakabaki peupe kama shamba la uwele baada ya kware.
Refa akahesabu tisa mbili, akahesabu tena, akapuliza filimbi twende.
Dakika ya themanini na kitu, Lechipya,
ambaye hakuwahi kufunga hata mlango wa choo,
akafunga.

Leo mashine ingerudisha picha, ingechora mstari,
wangelijadili lile kwapa robo saa nzima.
Haya, nayo ni haki. Kuna siku tulidhulumiwa mchana kweupe,
mashine hiyo ningeikumbatia.

Mwezi uliopita kaniletea suruali, nipunguze kiuno.
Goti la kulia halikunji.
Klabu ilimlipa sabuni, nauli,
na mara moja mbuzi, wa kugawana watu saba.
Kwa hiyo mtoto wa watu akisaini mamilioni
msimwonee kijicho mbele yangu.
Achukue. Hata akidondoka bila kuguswa, achukue,
achukue na ya Lechipya.

Jana mjukuu wangu Nyemo kanijia na jezi ya ng'ambo,
jina la mgongoni hawezi hata kulitamka.
Kafua mara mbili, namba inabanduka.
Nimepitisha kidole chini yake, natafuta uzi.
Hakuna.
Gundi, jamani.
Elfu arobaini, halafu gundi.